Mwenye Yadi na Jina Lililomtangulia

Walisema sitaweza. Walisema kijana aliyeondoka Tunduma akiuza mikanda na betri kwenye foleni ya malori hawezi kurudi na kuzifanya simu zijuane zenyewe. Mjomba wangu alisema nitarudi Lusaka kabla mvua hazijaanza. Mwenye duka la vifaa, aliponikopesha ruta na waya, aliniangalia kama mtu anayezika. "Chukua," alisema, "lakini ujue nakuazima kwa huruma." Wote hao leo wananiita fundi, na wengine wananiita mhandisi, nami siwasahihishi. Diploma yangu ya mawasiliano ya kompyuta niliisomea kwa jasho langu mwenyewe, bila baba, bila mfadhili, na imetundikwa ukutani ofisini kwangu mahali ambapo mteja akikaa tu anaiona.

Lakini leo sitaki kujieleza mimi. Nataka kumweleza mzee mmoja ambaye katika maisha yangu yote, hapa na ng'ambo ya mpaka, hakuna mtu aliyewahi kuniacha mdomo wazi kama yeye. Tulimwita Mwenye Yadi. Jina lake halisi sitaliandika, na mkifika mwisho mtaona kwa nini si vizuri kuliandika.

Yadi yake ilikuwa nyuma ya barabara kuu, mahali malori yanapopumzika yakisubiri karatasi za kuvukia kwenda Nakonde. Kulikuwa na geti, mizani, stoo ya mchele wa Kamsamba, pampu ya mafuta na ofisi yenye dirisha kubwa. Alikuwa mzee mfupi, mnene wa mabega, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Chakula hakuli bila chumvi ya Ivuna, ambayo aliibeba mwenyewe kwenye kikopo kitupu cha dawa, na akikaribishwa harusini alikitoa kikopo hicho mbele ya watu bila aibu yoyote.

Kitu cha kwanza ambacho kila mgeni alikiona kwake ni kikohozi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa hakati kona yoyote ya yadi bila kukohoa kwanza. Alikohoa kabla ya stoo, akakohoa kabla ya jiko, akakohoa kabla ya geti. Dereva mmoja Mzambia alimwonea huruma akamletea dawa kutoka Kitwe. "Bamudala, mzee wangu, kunyweni hii, kifua kitafunguka." Mwenye Yadi akaipokea, akashukuru, akaenda zake akikohoa.

Sababu ilikuwa mkwewe. Mwanawe wa kwanza alifariki akamwacha mke na watoto, na mjane huyo ndiye aliyekaa getini kuandikisha malori. Katika ukoo wao, watu wa milima ya Ileje, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkononi, na mke hatamki jina la mkwewe hata akiulizwa na askari; husema tu "wao", kwa heshima. Kikohozi kilikuwa cha kumpa binti nafasi ya kujitenga.

Nilikuwa nazifahamu mila hizo kwa kusikia, kama kila mtu wa huku. Lakini kusikia ni kitu kimoja. Siku moja nilikuwa ofisini kwake, ana wateja watu wazima waliotoka Lubumbashi, wanapatana bei ya kulaza malori. Mlangoni ikasikika sauti ya mwanamke: "Hodi." Mwenye Yadi akasimama, akavuka meza, akapanda kiti, akatoka nje kwa dirisha. Mzee wa umri ule! Mkwe akaingia ameinamisha kichwa, akaweka funguo mezani, akatoka. Wateja wameduwaa, na mimi nimeduwaa kuliko wao. Kisha kofia ya sufu ikatokea dirishani kutoka nje, na mzee akaendelea palepale alipoishia: "Kwa hiyo hiyo bei mliyotaja, hapana, mtaniua." Walipatana hivyo, wao ndani, yeye nje kwenye vumbi.

Akitaka kumpa mkwewe maagizo alimwambia mbwa. Alisimama upande wa pili wa ukuta wa geti na kusema kwa sauti: "We mbwa, leo kuna lori la saruji, lisiingie kabla halijapimwa." Mbwa amelala, hana habari. Geti likafanya kama mbwa alivyoambiwa.

Sasa mtu kama huyu mngemdhania ni wa kale. Wala. Alikuwa mpenda vitu vipya kupindukia. Taa za jua, mizani ya kielektroniki, kamera, vyote vilianzia kwake kabla ya yadi nyingine yoyote. Kila chombo kipya alikipiga kofi kwanza. "Kikinuna kwa kofi moja," alisema, "kitanuna kwa kazi." Alikuwa na misemo yake. Mtu akiomba upendeleo kwenye foleni kwa sababu ya undugu, aliambiwa: "Mzigo hauna mjomba." Mtu akichelewesha karatasi aliambiwa: "Lori lililosimama linakula kuliko linalotembea." Na alikuwa mbahili wa maneno mazuri. Mimi aliniita "we Diploma" tangu siku ya kwanza, na alilitamka kama jina la ugonjwa. Mimi nililichukua kama cheo.

Ndiye aliyenikubalia. Nilimweleza shida ninayoijua vizuri: mpakani hapa simu zinarukia mtandao wa Zambia zenyewe, salio linaliwa, ujumbe wa geti unafika stoo lori likiwa limeshaingia na kuziba njia. Nikamwambia nitaweka waifai ya ndani ya yadi, isiyohitaji bando wala mnara wa nchi yoyote, na programu ya kutumiana ujumbe.

"Na nani ataandika namba za watu wote humo?" akauliza.

"Hakuna, mzee. Ndiyo uzuri wake. Simu ikiingia tu kwenye waifai inapiga hodi hewani yenyewe. Inasema: mimi fulani, nipo, kazi yangu ni hii. Nyingine zinasikia, zinamweka kwenye orodha. Akitoka, zinamwondoa. Hakuna kuunganishwa na mtu."

Aliigeuza ruta mkononi. "Yaani kila mtu anakohoa."

"Ndiyo, mzee. Kila simu inakohoa."

Akaipiga ruta kofi, akanipa kazi. Na pesa za kuanzia akanikopesha yeye, juu ya wale wengine.

Nilifunga kila kitu kwa ustadi ambao ningependa mngeuona. Waya zimenyooka kama zimepigiwa rula. Programu ilitaka jina, nikaandika majina kamili ya watu, kama yalivyo kwenye vitambulisho. Tukafanya majaribio mzee akiwa safarini Mbozi. Geti linasema, stoo inajibu, mizani inajibu, mafuta yanajibu. Mpwa wa mzee, ambaye alikuwa msimamizi wa yadi na mtu wa utani, alinishika bega: "Diploma, leo umetuweka Ulaya."

Mzee aliporudi, ikafa.

Haikufa yote. Geti ndilo lilipotea. Linaonekana, halionekani, linarudi, linapotea. Malori yakarundikana barabarani, madereva wakapiga honi, stoo ikasema haikuambiwa kitu. Mzee akienda benki, geti linarudi. Akiingia yadi, geti linakufa. Nilibadilisha ruta. Nilipanda juu ya tangi la maji na upepo wa Tunduma ukanipiga vumbi la machoni nikibadili mwelekeo wa antena. Nilisoma kila nilichokuwa nacho. Madereva wakanitungia maneno. "Diploma, mtambo wako unamwogopa baba mwenye nyumba!" Nao walidhani wanatania.

Mwenye Yadi hakutania. "Chombo chako," aliniambia, "kinafanya kazi nikiwa sipo. Sasa nakuuliza, nimenunua kitu cha kunifukuza kwangu?"

Ikawa mbaya zaidi kwa mwingine kuliko kwangu. Mpwa aliangalia simu ya geti akaona kwamba waifai haina kosa, simu inazimwa kwa mkono. Akaanza kusema, kwanza jikoni, halafu kila mahali: yule mwanamke anazima makusudi. Anazima ili malori yaingie bila kuandikwa, na madereva wanampa chochote. Akataka wazee wa ukoo washuke kutoka Ileje, mjane arudishwe milimani kwa wazazi wake, na geti apewe yeye. Watoto wa mjane walikuwa wanasoma hapa mjini. Kurudishwa kwa tuhuma ya wizi ni kurudi bila jina. Na hakuweza kujitetea, kwa sababu hakimu ni mkwewe, na mkwewe hawezi kumsemesha. Kikao kikapangwa Jumapili baada ya ibada.

Siku mbili tatu kabla ya kikao nilikwenda kukaa getini asubuhi. Nia yangu ilikuwa kutetea kazi yangu, sisemi uongo. Kama simu inazimwa kwa mkono, basi mtambo wangu hauna kasoro, na nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu. Mkwe alikuwa ndani ya kibanda, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, simu iko mbele yake. Dereva mmoja Mzambia anamsalimu kwa lugha ya kwao na kumbembeleza dirishani.

"Mulishani, dada! Nifungulie basi, nimelala barabarani."

"Bwino. Subiri mizani ijibu, kaka. Wewe si wa kwanza kulala barabarani."

Mara nikaona ameshtuka kama aliyeguswa na moto. Akasimama, akavuta kitenge kichwani mpaka usoni, akaikamata simu, akaizima, akaitumbukiza kwenye ndoo ya unga, akafunika, akatokea mlango wa nyuma. Yote kwa mara moja. Dereva akabaki ameshika dirisha. Nilimkimbilia nyuma ya kibanda.

"Dada, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, kaka."

"Umezima simu!"

"Wameingia."

"Nani ameingia?" Nikatazama geti. Hakuna mtu.

Akaelekeza kidevu kwenye kibanda, kule kwenye ndoo.

"Hata gari lake halijafika," nikasema.

"Jina limefika."

Hapo ndipo gari la Mwenye Yadi lilipokata kona ya barabara. Simu yake mfukoni ilikuwa imeshaidaka waifai kutoka kule, ikapiga hodi hewani, na jina lake kamili, kama nilivyoliandika, likawaka juu ya kioo kilichokuwa mbele ya mke wa mwanawe. Sijawahi kushtuka hivyo, hata siku niliyonusurika ajali ya basi.

"Unaliona jina tu," nikamwambia. "Ni maandishi."

"Kaka, wewe una mkwe? Nikae na jina lao mkononi, linaniangalia, na mimi naliangalia? Nilibonyeze kwa kidole?"

"Kwa nini hukusema? Wanakuita mwizi!"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Ningesemaje bila kulitaja?"

Nilikwenda moja kwa moja ofisini. Nilikuwa nimejaa maneno, nikayamwaga yote. Mwenye Yadi alisikiliza bila kukohoa. Nilipomaliza alitoa simu yake mfukoni akaiweka mezani. Ilikuwa imezimwa.

"Unadhani hii huzimwa na nani?" akaniuliza. "Kila nikiingia, jina lake linaruka hapa. Mke wa mwanangu, mfukoni mwangu, kwenye paja langu. Nimekuwa nikizima. Nikajua ni mimi tu ninayeteseka." Akainamisha kichwa, kofia ikamfunika macho. "Kwa hiyo amekuwa akiniheshimu mpaka hewani. Na wao wanamwita mwizi."

Nikaona nafasi ya kuonyesha elimu. Nikamwambia dawa ni rahisi. Katika mtambo huu si lazima simu ijitaje kwa jina la mtu, inaweza kujitaja kwa kazi. Anayetafuta mizani hatafuti mpimaji, anatafuta mizani. Nitaandika Geti, Stoo, Mizani, Mafuta, Ofisi. Jina halitaonekana tena popote.

"Na Ofisi ni nani?"

"Ni ofisi tu, mzee."

"Ofisi ni mimi. Yule binti si mtoto. Ukimvisha mtu gunia, we Diploma, anakoma kuwa mtu?"

Nilichukua begi langu la vifaa nikatoka.

Jumapili wazee walishuka. Walikaa sebuleni, mjane akiwa chumba cha pili, mlango umefungwa, anasikia kila kitu. Niliitwa kama shahidi nikavaa suti. Mpwa akaeleza malori, honi, hasara. Nami nikaeleza nilichokiona, kwa mpangilio mzuri, na hata wale wazee wasiokuwa na simu walinielewa. Halafu mzee mmoja, ndugu yake Mwenye Yadi, akacheka kwa faraja.

"Kumbe! Basi hili ni jambo dogo. Toa ng'ombe, mkwe afunguliwe mwiko, muonane, kazi iendelee. Wangapi wamefanya hivyo?"

Wote wakaitikia. Mimi mwenyewe nilishaona mambo yameisha.

"Sitoi," alisema Mwenye Yadi.

"Una ng'ombe, bwana."

"Ninao. Ng'ombe hutolewa mume akiwa amekaa pale, anaona baba yake na mke wake wanafunguliana. Wangu yuko wapi? Ndoa ile imebaki nini? Nyumba iliungua, picha zikaungua. Ukiacha watoto, kimebaki kitu kimoja. Yule mwanamke bado ananikimbia. Kila akinikimbia najua mwanangu alioa." Akanywa maji. "Sasa mnataka niununue huo mwiko kwa ng'ombe ili lori la saruji lipite haraka?"

Mpwa akasema kwa upole, maana hata yeye alikuwa ameguswa: "Mjomba, basi mmoja wenu lazima atoke kwenye mtambo. Ndiyo maana tunasema yeye apumzike, kwa heshima, bila tuhuma."

"Sawa. Atoke mmoja," alisema Mwenye Yadi. "Nani kati yetu anafanya kazi?"

Wazee wakatazamana.

"Nauliza. Malori yanaandikwa na nani? Yeye. Mimi naja pale nafanya nini? Nakohoa."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mwenye Yadi akaisukuma simu yake juu ya meza mpaka mbele yangu.

"Diploma. Nitoe."

"Nikutoe wapi, mzee?"

"Hewani. Nifute humo. Nisisikike tena."

"Na Ofisi? Ofisi itajibu nani?"

Alielekeza kidevu kwenye mlango uliofungwa.

Wazee walinyanyuka wote kwa pamoja kama waliosikia risasi. Mwanamke? Mjane? Yadi nzima? Walipiga kelele kwa Kindali, lugha ya kwao, sikuyashika yote. Mpwa alikaa chini polepole, mikono kichwani. Mzee alibaki ametulia na kikopo chake cha chumvi mbele yake, akisubiri wachoke. Nilimfuta. Jina lake likatoka kwenye orodha, likatoka kwenye kila simu ya yadi ile, na kabla wiki haijaisha alikuwa amepakia godoro lake na kupanda milimani.

Mtambo wangu haujakata tangu hapo. Yadi nyingine zimekuja kuuona, na nyingi nimezifungia mimi. Mpwa sasa anasimamia mizani, na anapokea amri kutoka Ofisi bila kunung'unika, ingawa utani hajauacha.

Kazi hizo ndizo zilizonilipia madeni. Siku niliyoamua kuyamaliza nilivaa viatu vipya. Nilianza kwa mjomba, nikampa chake mbele ya wanawe. Nikaenda kwa mwenye duka la vifaa nikamlipa nikiwa nimesimama, na nilimshukuru kwa huruma yake. Nikapita kwa shangazi, kwa mchungaji, kwa kila aliyewahi kunifungulia mfuko. Alibaki mmoja. Nikapanda gari kwenda Ileje.

Nilimkuta kwenye migomba, amevaa mabuti ya mpira, anakata majani makavu. Alinisikia, akageuka.

"We Diploma. Umekonda. Mtambo umekula nini, nyama?"

"Unafanya kazi, mzee. Nimekuja kulipa. Wewe ndiye wa mwisho."

Nilitoa bahasha kwa mikono miwili. Hakuinua mkono wake.

"Hiyo si yangu. Ilitoka kwenye pesa ya yadi. Mpelekee Mwenye Yadi."

Nilidhani umri umemfikia. "Mzee, Mwenye Yadi ni wewe."

"Mimi? Mimi nina migomba hii na kahawa kidogo pale chini. Mwenye Yadi yuko Tunduma. Wewe uliyesoma ndiye hujui?" Akarudi kwenye majani yake. "Twende ule kwanza. Barabara ni mbaya, usiteremke na njaa."

Tulikula viazi na maharage. Hakuuliza habari ya yadi, wala ya malori, wala ya mtu yeyote.

Niliteremka siku hiyohiyo. Nilimkuta mjane ofisini, dirisha limefunguliwa, simu mbili mezani zinaita na anazijibu kwa zamu. Nilimweleza nilikotoka na nilichoambiwa, neno kwa neno. Alisimama. Alifunga kitenge vizuri, akapiga goti, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, huku uso ameugeuzia upande wa milimani. Hakuifungua.

"Wamekula?" akauliza.

"Wamekula," nikamwambia. "Tulikula pamoja."